Baiskeli Iliyokataa Kusimama

Siku ya gulio Kasulu hujaa watu tangu asubuhi, na Kipriani alikuwa mmoja wa wale wanaopenda kufika kabla jua halijachangamka. Alitoka kijijini kwake, juu ya Kabanga, na magunia mawili ya maharage kwenye keria. Alipofika sokoni shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akaishusha mizigo, akaikokota baiskeli hadi kwenye uzio wa Isihaka, mlinzi wa baiskeli, akapokea kipande cha dumu la njano chenye namba iliyochomwa kwa msumari wa moto. Ukija kuchukua baiskeli bila kipande hicho, Isihaka hakujui hata kama wewe ni shemeji yake.

"Mwakeye, Isihaka."

"Mwakeye, mzee Kipriani. Mbona leo hufungi?"

"Sifungi."

"Hata pedeli hutoi?"

"Waache waje," Kipriani akasema, akaenda zake kwenye maharage.

Isihaka alibaki mdomo wazi, na alikuwa na haki. Kipriani huyu ndiye aliyeibiwa baiskeli ya kwanza nje ya kanisa huku yeye yumo ndani anaimba sauti ya pili. Ya pili aliifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye mti, pale penye mashine ya kusaga. Alipotoka na unga wake alilikuta kufuli limefungwa vizuri, mnyororo umeukumbatia mti, baiskeli haipo. Tangu hapo akawa kichekesho cha parokia nzima. Alikuwa akifika kanisani anafungua pedeli moja, anaitia kwenye mfuko wa koti, anapokea komunyo na grisi imemchafua hadi kwenye mbavu. Watu walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Mtu wa milimani ukimwibia baiskeli umemwibia miguu, na baiskeli hii ya tatu ilimgharimu mavuno ya misimu miwili.

Ndiyo maana siku mbili kabla ya gulio lile alikwenda Munanila kwa siri kumwona mganga mmoja, mzee Tharsisi.

Mzee hakuwa na mambo mengi. Alichukua kitambaa cheusi, akakata nywele kidogo za Kipriani, akazizungushia ndani, akaanza kufunga fundo chini ya tandiko la baiskeli.

"Atakayeipanda bila kuruhusiwa hatashuka," alisema. "Sasa taja unaowaruhusu. Mmoja mmoja, kwa majina yao. Chombo hakijui watu. Kinajua ulichosema."

Wakati ule mvua ilikuwa inatishia, na Kipriani alitaka kuiwahi barabara. Akakumbuka alivyomsikia babu yake akitamka zamani mbele ya ng'ombe na mashamba, maneno ya kiume, mafupi, yenye uzito. Akayatamka vilevile.

"Mke wangu, na wote waliotoka kiunoni kwangu."

Mzee akasimamisha vidole. "Hao tu?"

"Hao tu."

Fundo likakazwa.

Waliotoka kiunoni kwake ni wawili, Philemon na Aneth. Wote wako Kibondo, mmoja mwalimu, mwingine ameolewa huko. Baiskeli ile hawakuwahi hata kuigusa. Aliyekuwa akiigusa kila siku ni Niyomwungere. Huyu alivuka kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake mwaka ule wa vurugu, na mama akafia kwenye ukumbi wa Kipriani kabla hawajafika kambini. Josephina, mke wa Kipriani, alimfungua mtoto kwenye mgongo wa marehemu akamfunga kwenye mgongo wake mwenyewe. Sasa Niyo alikuwa msichana wa kidato cha pili. Ndiye aliyeosha baiskeli, ndiye aliyetia oili kwenye cheni, na Kipriani alimwita "mwanangu" mbele za watu bila kusitasita. Lakini siku ile Munanila, alipoulizwa nani ni wake, hakumkumbuka. Mtu akikuchukia unaweza kujitetea. Ukisahauliwa namna ile utajitetea kwa nani?

Maharage yaliuzika vizuri. Saa sita mchana Kipriani alikwenda upande wa pili wa soko kutafuta jembe, akakutana na jamaa, wakaongea sana. Aliporudi uzioni mkononi ameshika kipande chake cha dumu, Isihaka alimpokea kwa uso wa huruma.

"Pole, mzee. Mama amelazwa Kabanga. Ameanguka shambani asubuhi. Niyo alikuja na lori kukuita, amekutafuta sokoni mara tatu hakukuona. Akasema mama yuko peke yake wodini, anawahi kurudi, wewe uje na pikipiki."

"Amerudi na nini?"

"Na baiskeli."

Kipriani alitazama mahali alipoiacha. Palikuwa na nafasi nyembamba kati ya baiskeli mbili za watu wengine.

"Umempaje bila kipande?"

Isihaka alikunja uso, akaona kama anaonewa. "Nimempa mwanao, mzee. Kwani si mwanao?"

Kipriani alikwisha kumpa mgongo. Alikuwa anakimbia.

Mwendesha pikipiki aliyempakia alikuwa mwongeaji, lakini baada ya kilima cha kwanza alinyamaza mwenyewe. Barabara ilikuwa na watu wanaotoka gulioni, na karibu wote walikuwa wamesimama. Walikuwa wanatazama mbele. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani alisema wamepitwa na binti wa baiskeli, anapandisha mlima kwa kasi ya kuteremka.

"Tulimsalimia," alisema. "Alilia tu."

Kabanga, Kipriani aliingia wodini anahema. Josephina alikuwa amelala, uso umepauka, dripu mkononi. Alifungua macho akamtazama mumewe, kisha akatazama nyuma yake.

"Niyo yuko wapi?"

"Hajafika?"

"Nimesikia kengele ya baiskeli hapo nje mara nyingi. Inapita. Inarudi. Nikajua ni yeye, nikashangaa haingii."

Ikalia tena. Mara moja, karibu kabisa na dirisha.

Kipriani alitoka mbio. Ilikuwa saa tisa, jua kali, watu wamekaa kwenye nyasi na vyombo vyao vya chakula. Niyomwungere alikuwa anazunguka nje ya lango, kwenye barabara ya vumbi, duara lilelile. Mgongo wake ulikuwa wima. Mikono imekaza usukani hadi vidole vimekuwa vyeupe. Miguu ilikuwa inazunguka, lakini siyo kwa namna mtu anavyokanyaga pedeli. Pedeli ndizo zilizokuwa zikiizungusha miguu.

"Data," alisema alipompita baba yake. Hakupiga kelele. "Data, imekataa kusimama."

Kipriani alikimbia ubavuni mwake. Akashika keria. Akavutwa, akaburuzwa, magoti yakachunika, akaachia. Akainuka akakimbia tena.

"Ruka, mwanangu!"

"Siwezi. Miguu siyo yangu."

"Breki!"

"Nimekaza tangu Kasulu."

Hapo ndipo alipotazama chini. Cheni ilikuwa imekatika. Ilikuwa inaning'inia, inaburuzika vumbini. Magurudumu yalikuwa yanakwenda.

Watu walianza kusogea, wengine wakipiga ishara ya msalaba. Mzee mmoja mwenye kofia alinyanyuka na mkeka wake na kuhamia mbali. Mbwa mmoja aliyekuwa akiomba mifupa alilala kifudifudi na kuficha pua. Kipriani akarukia usukani kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto kama sufuria lililosahauliwa jikoni. Alipoangalia viganja, ngozi ilikuwa imebaki kule.

Baiskeli ikaacha duara. Ikashika barabara ya Munanila, ikapanda, ikapotea nyuma ya mikaratusi.

Alimfuata kwa pikipiki ileile, viganja vimefungwa kanga ya mtu asiyemjua. Hawakuiona njiani. Mzee Tharsisi walimkuta anapukuchua mahindi uani kwake, naye hakushangaa kuwaona.

"Uliwataja nani?" aliuliza, kabla hata Kipriani hajasema kitu.

"Mke wangu. Na waliotoka kiunoni."

"Na aliyeipanda?"

"Ni mwanangu."

"Alitoka kiunoni?"

Kipriani alipiga magoti kwenye magunzi. "Fungua, mzee. Chukua unachotaka. Namtaja sasa, sikiliza, namtaja. Niyomwungere. Niyomwungere, Niyomwungere!"

"Kufungua ni lazima nilishike fundo, na kitu kimesimama. Hakisimami." Mzee aliendelea na mahindi yake. "Tego hili nililifunga kwa ajili ya mwizi. Mwizi huachiliwa akikiri. Akisema mwenyewe, mbele ya mwenye mali, 'mimi ni mwizi, nimechukua kisicho changu', kitasimama. Hakuna njia nyingine."

"Basi ni rahisi," mwendesha pikipiki alinong'ona.

Mzee akamtazama yule kijana, kisha akamtazama Kipriani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipomwona. Alikuwa anateremka kilima, anakuja. Kipriani alishuka kwenye pikipiki, akasimama katikati ya barabara, kisha akaanza kukimbia naye bega kwa bega. Ajabu ni kwamba baiskeli ilipunguza mwendo. Ilikuwa inakwenda taratibu kabisa, kana kwamba nayo inataka kusikia.

Uso wa Niyo ulikuwa umeingia vumbi jekundu, machozi yamechora mistari. Midomo imepasuka.

"Niyo. Nisikilize. Utashuka sasa hivi. Sema maneno haya tu. Sema, mimi ni mwizi. Nimechukua kisicho changu."

Msichana aligeuza kichwa. Sehemu ile ya mwili ilikuwa bado yake.

"Kwa nini, Data?"

"Ni maneno tu. Yaseme, mwanangu."

"Ulitega baiskeli?"

"Nilitega wezi."

"Philemon akiipanda?"

Kipriani alikimbia hatua tatu, nne. Pumzi ilikuwa inamwishia.

"Aneth?"

"Niyo, nakuomba. Sema."

"Wao wangeshuka," alisema polepole, kama anayejisomea. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa ya mtoto mdogo aliyefunguliwa mgongoni mwa maiti. "Mimi ni mwizi, Data?"

Angeweza kumjibu. Siku zote za maisha yake atakumbuka kwamba kulikuwa na nafasi ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa dogo. Lakini alitaka baiskeli isimame. Alitaka ashuke kwanza, mengine wayaongee nyumbani.

"Sema tu kwamba ni mwizi," alisema.

Niyomwungere alimtazama. Akayageuza macho mbele, akafunga mdomo. Baiskeli ikaongeza mwendo, ikamwacha baba yake ameinama barabarani, ameshika magoti yaliyochunika. Kengele haikulia tena.

Josephina alipona, akarudi nyumbani. Kipriani alimweleza yote, maana hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Mwanamke yule alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia wala hakumtukana. Tangu siku hiyo anampikia, anamfulia, na haongei naye. Padri alikuja kubariki nyumba. Jamaa wa Kiislamu sokoni walisoma dua. Mzee Tharsisi naye alikufa kwenye masika yale, na waliokwenda kumzika wanasema hakuacha mwanafunzi.

Habari zilikuja kwa vipande. Dereva wa lori alimpita binti wa baiskeli kwenye pori la kuelekea Kibondo, saa nane mchana, mvua inanyesha, nguo zake kavu. Walimu wa shule moja walimwona anakatiza uwanja wa mpira katikati ya mchezo, wachezaji wakasimama. Aneth alipiga simu kutoka Kibondo siku moja, analia.

"Data, Niyo kapita hapa mlangoni. Nimemwita, hakugeuka. Amekonda, Data. Kuna nini huko nyumbani?"

Kipriani alikata simu. Sasa anakwenda gulioni kwa miguu, na Isihaka akimwona anaangalia pembeni.

Mwezi uliopita, Jumapili, walikuwa wametoka kanisani. Josephina alifagia uwanja kama kawaida yake, kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, akaingia ndani kuweka fagio. Hakukaa hata muda wa kuchemsha maji. Alipotoka alipiga ukelele, na Kipriani akakimbilia mlangoni.

Pale kwenye kizingiti palikuwa na ndala mbili za bluu, zimepangwa vizuri, visigino vikielekea ndani. Josephina alizijua, alimnunulia Niyo mwenyewe wakati wa kufungua shule. Chini, kisiginoni na kwenye vidole, zilikuwa mpya kabisa, mistari yake imesimama. Katikati, pale ndala inapokutana na pedeli, kila moja ilikuwa imelika hadi ikatoboka.

Waliutazama uwanja. Mistari ya fagio ilikuwa mizima kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, na hakuna kilichoikanyaga.

Josephina aliinama, akatia mkono ndani ya ndala moja. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alimsemesha mumewe.

"Bado zina joto," alisema. "Alifika hapa mlangoni, Kipriani. Na hakuingia."