Mzinga wa Saa Saba

Ndani ya basi la wastaafu kutoka Bendigo alikuwamo muuaji, na Marko Separovich hakujua ni yupi.

Alijua saa tu. Saa saba kamili mchana, bandari ya Fremantle, Australia, siku ya mwisho ya safari. Kila siku saa hiyo wazee wa kujitolea hupiga mzinga mbele ya gereza la duara. Mlio wake humeza mlio wa bastola yoyote.

Simu ikatetemeka.

"Mtoe Lorna hapo," alisema bosi wake kutoka Perth.

"Nikimtoa, muuaji anapotea. Atamfuata mpaka kitandani."

"Akifa, hatuna shahidi. Kesi ya makombora imekwisha."

"Hafi."

Akakata.

Lorna Teague, karani mstaafu wa bandari aliyeyaona makombora ya magendo kwa macho yake, alisimama nyuma ya mzinga. Kila siku mgeni mmoja huchaguliwa kuvuta kamba. Leo ni yeye. Alikuwa anacheka kama msichana.

"Lorna, usitulenge sisi!" Clive, mmoja wa wastaafu wa basi, alipaza sauti. Wiki nzima Clive ndiye aliyewachekesha. "Lenga basi! Viti vyake vimeniua mgongo!"

"Nitakulenga wewe, mzee. Basi halijanikosea kitu!"

"Zibeni masikio, jamani! Mikono miwili!" alifoka Reg, mzee wa mzinga. "Na wewe mwenye miwani ya Ray-Ban, weka chini hizo chipsi!"

Wakacheka. Reg akaanza kuhesabu.

"Kumi! Tisa!"

Marko hakuziba. Vidole vyake vilikuwa kwenye bastola yake, Glock, ndani ya koti. Hakutazama nyuso. Alitazama mikono.

Masikioni. Masikioni. Masikioni.

"Tatu!"

Watazamaji wawili tu hawakuziba masikio. Yeye, na Clive.

Clive alimwona. Bado alikuwa anatabasamu.

Mkono wake ukatoka kwenye mfuko wa kamera ukiwa na bastola.

"Moja!"

Reg naye akaiona. Akamsukuma Lorna. Lorna akaanguka na kamba mkononi.

Kamba ikavutika, mzinga ukalia.

Marko alikuwa ameruka mbele, sikio la kushoto karibu na mdomo wa mzinga. Akafyatua mara mbili. Hakusikia kitu. Aliona tu shati la Clive likipasuka.

Clive hakuanguka. Aliitupa bastola, akaja na kisu.

Kikazama begani. Marko akamshika nywele, akambamiza kichwa ukutani. Tena. Tena. Jiwe jeupe likawa jekundu. Kisu kikaanguka, na Clive naye.

Moshi ukapungua. Wastaafu walikuwa bado wameziba masikio.

"Reg?" Lorna alimtikisa. "Reg, amka, baba!"

Risasi ya Clive ilikuwa imeipasua shingo ya Reg.

Marko alirudisha Glock ndani ya koti, akashuka ngazi taratibu kuelekea mjini. Simu akaiweka sikio la kulia.

"Sema," alisema bosi.

"Lorna mzima. Clive amekufa."

"Safi."

"Reg amekufa. Mzee wa kujitolea. Alikuwa anapiga mzinga tu."



"Na wewe?"

"Bega litapona. Sikio la kushoto halirudi."