Upande wa Pili wa Reli

Walikutana Tacuba, kituo cha treni za chini ya ardhi, chini ya saa ya ukutani, pale ambapo Mexico nzima hupeana miadi. Rosalba Quintanar, mshona mapazia, alikuwa amesimama hapo tangu mchana na gauni lake la manjano akimngoja mchumba wake Ubaldo, ambaye hakuja siku ile wala baadaye. Evaristo, fundi wa miwani, mfupi wa kupotea nyuma ya mtu yeyote, alimpa leso na kumwambia ni dhambi gauni zuri hivyo kurudi nyumbani na njaa. Wakaenda kula. Mwaka haujapita vizuri, wakawa wanapanga harusi.

Sharti la Rosalba lilikuwa moja: hatamngoja tena mwanamume zaidi ya dakika ishirini.

Ijumaa walibishana kwenye simu. Kesho yake walikuwa waende mtaa wa magauni ya harusi, na Evaristo alitaka wakutane kituo cha Bellas Artes.

"Pale mtu akishukia upande usio wake anavuka humo humo chini," alisema. "Kituo cha Allende huvuki mpaka utoke barabarani."

"Halafu nitembee mwendo wote ule na viatu vyangu? Allende ukitoka tu, magauni haya hapa. Chini ya saa, saa kumi. Unajua sharti langu, mfupi wangu."

"Nalijua kuliko sala zangu."

Tatizo ni kwamba Rosalba alitoka kaskazini na Evaristo kusini. Kila mmoja alishukia upande wake, na kila upande una saa yake. Katikati zilipita reli mbili, treni zikipishana, na umati wa Jumamosi umejaa pomoni. Rosalba alikazia macho ngazi. Saa kumi na dakika ishirini akapanda juu.

Alimpigia Evaristo simu, hakupatikana. Basi akaacha ujumbe wa sauti, na hasira ndiyo iliyouzungumza: "Ubaldo angalau alikuwa na sura. Usinitafute tena."

Akazunguka mtaa wa magauni peke yake, akitazama vioo vya maduka asione kitu. Saa kumi na mbili miguu ilimchoka akaamua kurudi kwao. Ili kupata treni ya Tacuba ilimbidi avuke barabara na kuteremka upande wa pili. Hapo, chini ya saa, alikuwa Evaristo, na suti yake ya kijivu, nywele zimepakwa mafuta, ua mkononi limelegea.

Rosalba alielewa yote kabla hajamfikia. Kituo alikichagua yeye mwenyewe.

"Kwa nini hukutoka kunitafuta?" aliuliza.

"Niliwaza. Nikaogopa nikitoka uje unikose, useme mimi ni Ubaldo mwingine." Akalipangusa ua. "Wewe umeningoja muda gani?"

"Dakika ishirini."

Evaristo akageukia ngazi. Walipoanza kupanda ngazi Rosalba akamshika mkono wa koti, kwa kuwa alijua huko juu simu ya Evaristo itashika mtandao na ujumbe utaingia. Angeweza kuiomba na kuufuta ule ujumbe. Badala yake aliusema wote, neno kwa neno, palepale kwenye ngazi, watu wakiwapita kwa mabega. Evaristo alisikiliza mpaka mwisho, akasema maduka yanafungwa saa moja.

Dukani Evaristo alikaa kwenye kiti akiupa mgongo ukumbi, maana ni mkosi bwana harusi kuliona gauni. Rosalba alijaribu la tatu, lililomkaa kama alizaliwa nalo. Hakufurahi. Aliuona mgongo ule kwenye kioo na kutaka kulia.

"Bwana," muuzaji akaita, "unadhani bibi harusi achukue hili?"

"Usiniulize mimi," alisema Evaristo bila kugeuka. "Muulize yeye kama bwana harusi anamfaa."

Muuzaji akamgeukia Rosalba, pini mkononi.

"Ananifaa," alisema Rosalba. Akarudia kwa nguvu mpaka wateja wakageuka. "Ananifaa, na leo ningemngoja mpaka wafunge kituo, kama ningejua yuko upande gani."

Evaristo aliinuka. Kisha akageuza kiti, mkosi au si mkosi, akamtazama kuanzia shela mpaka viatu.