Kiapo kwa Malkia wa Mvita

Harufu ya udi ilianza Jumatatu, wala hakuna aliyeufukiza. Waimbaji wakasingiziana, wakacheka, wakaendelea na mazoezi yao katika ukumbi mkongwe wa mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa.

Rehan ndiye aliyetunga opera ile, mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, juu ya malkia wa kale wa Mvita. "Wazungu wameimba mafarao na miungu ya Wayunani hadi wamewachakaza," alipenda kusema. "Sisi malkia wetu tumemtupa." Umalkia akapewa Lamis, mwenye sauti ya kuliza watu, na mtoto wa miezi mitano aliyemwacha kwa mamake, mtaani Kibokoni.

Alhamisi, baada ya alasiri, Rehan akaona tendo la kutawazwa limepoa. Akawaamuru waimbaji wengine wote sita wapige magoti mbele ya kiti cha Lamis wamwapie utiifu, kila mtu kwa jina lake mwenyewe na la babake.

"Kiapo si mzaha, hakitezewi, Rehan," akanong'ona Khubaib, aliyeimba waziri.

"Wewe apa tu, bwana. Si mtezo huu?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Wakaapa wote.

Mazoezi yalipokwisha, Khubaib alifungua mlango, akaona watu wakipita na jua lao, akatoa mguu nje; ulipotua, alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. Akarudia, na wenzake wakajaribu, wengine kwa mbio, wengine wameshikana mikono wakisoma dua, na kila aliyevuka kizingiti akajikuta miguuni pa Lamis, naye Lamis analia kwamba hawezi kuinuka, maziwa yamemlowesha kanzu kifuani, hali mdomoni mwake mnatoka sauti ya mwanamke mwingine, mtu mzima, isiyo na haraka: "Raia hatoki bila idhini yangu."

Rehan hakuwa ameapa. Alitoka, akarudi na Bimdogo, mganga wa majini. Bimdogo hakuingia. Alisimama mlangoni, akamwamkia malkia kwa adabu zote, akambembeleza hadi magharibi.

"Haya, nimewafungua," ikasema ile sauti.

Waimbaji wakatoka mbio bila viatu.

"Na Lamis?" akauliza Rehan.

"Walofunguliwa ni waloapa, mwanangu. Huyu hakuapa. Huyu mulimuapia," akajibu Bimdogo.

Rehan akalia kwa aibu.

Hapo akafika Mwanakuu, mamake Lamis, amechoka kungoja, mjukuu mikononi akipiga mayowe. "Lamis! Mtoto yuwalia tangu adhuhuri, yuwataka kunyonya ziwa!"

"Usimlete, mama! Mpe maziwa ya kopo, mpeleke mbali, usi—"

Mdomo wa Lamis ukafumba. Ukafunguka tena.

"Mleteni," ikasema ile sauti kwa upole. "Mleteni mrithi wangu."

Mtoto akanyamaza. Akajipinda mikononi mwa nyanyake, akamnyooshea malkia mikono.