Mapigo Mawili ya Tarumbeta

Inspekta Cornelius Maddox wa Kansas City alikuwa mwana wa Shemasi Ephraim Maddox, kiongozi wa kwaya, na mjukuu wa Gideon Maddox, mwashi aliyelijenga kanisa lao kwa mikono yake. Katika ukoo huo hakuna aliyewahi kusimama kizimbani.

Asubuhi moja ya mwaka 1938 aliitwa nyumbani kwa Bi Lavinia Pruitt, mjane wa Amos, mpiga tromboni. Dirisha la jikoni lilikuwa limevunjwa. Alama za vidole hazikupatikana. Iliyoibwa ilikuwa santuri moja tu: nakala pekee ya wimbo "Lavinia Mlangoni" ulivyorekodiwa mara ya kwanza, lebo yake ikimtaja Amos kuwa mtunzi. Santuri za madukani hazikumtaja mtunzi yeyote. Jumatatu bendi aliyokuwa akiipigia Amos ingeurekodi upya wimbo huo, na pasipo ushahidi ule jina la marehemu lingepotea.

"Ile yako ina tofauti gani na za madukani?" Inspekta aliuliza.

"Tarumbeta ilichelewa mapigo mawili, mwanangu. Mpigaji alikuwa bado anatafuna kuku. Waliporudia, wakarekebisha."

Bendi ile haikuandika noti. Kila mtu aliibeba sehemu yake kichwani. Hivyo Inspekta, alipokwenda kuwahoji, alishangaa pale kiongozi wa bendi, Roscoe, ambaye ni kaka wa Inspekta wa tumbo moja, alipomwonyesha karatasi ya noti, akidai kwamba wimbo ni wake na aliuandika kabla haujarekodiwa.

Inspekta aliisoma kama baba yao alivyomfundisha. Kabla ya tarumbeta palikuwa pameandikwa kimya cha mapigo mawili.

"Kaka, uliandika lini?"

"Nimeshakwambia, mdogo wangu. Kabla."

"Kuku hajaliwa, wewe ushajua atamchelewesha mtu?"

Roscoe alinyoosha mkono aichukue karatasi.

"Nisomee mstari wa kwanza."

"Usinifanyie hivyo, Cornelius."

"Soma."

Roscoe aliketi. Alikiri kuwa alivunja dirisha akiwa amevaa glavu, kisha akamsikilizisha mwalimu wa muziki santuri ile, naye akaandika kila alichosikia, pamoja na kosa.

"Baba alipotufundisha noti, wewe ulielewa, mimi niliitikia tu. Miaka ishirini naongoza bendi isiyoandika noti, nisije nikajulikana kuwa sizisomi. Amos naye hakusoma, lakini alitunga. Mimi sina hiki wala kile."

Santuri ilikutwa nzima, chini ya kitanda chake. Inspekta alimfunga kaka yake pingu, kisha akaipeleka santuri kwa Bi Lavinia, akampa kwa mikono miwili, asithubutu kumtazama usoni.

Nanyi vijana, nisikilizeni: msichokijua, kirini hamkijui, mngali mbele ya mwalimu. Sitalirudia neno hili.