Mgeni Aliyelazwa Akitazama Malampaka

Nyanjige aliungua mguu asubuhi, anapita kufungulia kuku. Aligusa tu bomba la moshi la ile pikipiki, ngozi ikabaki pale pale. Na pikipiki hiyo, tangu mwenyewe azikwe, hakuna aliyeiwasha.

Mwenyewe alikuwa mzungu. Alifika Nkoma peke yake, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia. Alitoka kwao Ulaya, akapita Uarabuni, Uhindi, mpaka Amerika, penye bahari pikipiki inapakiwa melini, sasa alikuwa anamalizia Afrika ndipo arudi. Homa ikamkamatia kwa Luhaga, mume wa Nyanjige. Mto umefurika, gari halipiti. Akafa mikononi mwa Nyanjige.

Kuzika ndipo ulipoanza ugomvi. Kwa watu wa Nkoma maiti hulazwa akitazama ukoo wake ulikotoka. Luhaga akasema huyu atazame Malampaka, kwenye stesheni ya reli, maana ndiko alikotokea. Mdogo wake, Magese, akacheka vibaya.

"Kaka, Malampaka ndiyo kwao? Alizaliwa stesheni?"

"Wewe hunifundishi kuzika!"

Akalazwa hivyo hivyo, kwa ubishi.

Basi baada ya ule mguu kuungua, harufu ya petroli ikahamia ndani, ikaingia mpaka kwenye uji. Selestini, mtoto wao wa pekee, akawa anaamka na mchanga mweupe miguuni, na Nkoma ni udongo mweusi mtupu. Mchana mmoja wanakula, akaacha tonge, akageukia ukuta, akaanza kusema lugha asiyoijua mtu, kwa sauti ya mtu mzima anayebembeleza, anasema tu, anasema tu, na huko nje pikipiki inanguruma haina dereva, sahani zinatetemeka, na machozi yanamtoka kijana wala hayafuti.

"Mayu," akamnong'oneza Nyanjige, "yule mgeni anataka kwenda kwa mama yake. Njia haijui. Anataka nimpeleke."

"Mwambie huendi, ng'wana wane. Mwambie na wewe una mama."

Wakamwita Salu, mganga. Akanusa mlangoni tu.

"Mgeuzeni atazame kwao. Leo leo, kabla hajamzoea mtoto."

Wakafukua. Magese akaonyesha kaskazini, safari hii Luhaga hakubisha. Walipomgeuza, mngurumo ukapita katikati ya nyumba, ukashika njia ya kaskazini, ukaenda, ukaenda, mpaka usisikike, na pikipiki yenyewe imesimama pale pale. Selestini akalala kama mtoto mchanga. Wale ndugu wakapeana mikono.

Asubuhi Nyanjige akampelekea maji ya kunawa. Kijana akayapokea kwa heshima, akamtazama, akamshukuru kwa Kiswahili cha kuokoteza: mama, asante, wewe uguza mimi vizuri.

Beseni likamponyoka Nyanjige.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yeye fika tayari. Kwa mama yangu." Akainuka, akatafuta viatu. "Mimi sasa fuata. Njia ipi, mama?"

Nyanjige akaitazama ile mikono, mikono ya Selestini.

"Subiri kwanza ule," akamwambia.

Akaingia jikoni, akabandika sufuria. Moto hakuuwasha.