Hundi ya Baba Yake Helena

Helena alisoma darasa la sita katika kijiji cha Endagikot, karibu na mji wa Mbulu. Kila siku akitoka shule alichota maji, akawakatia ndama majani, kisha akafagia chumba cha mashine ya kusaga ya baba yake, Basili. Mwaka huo wa 2004 mashine ilikuwa bado mpya.

Jumamosi moja alifika Mzee Gidabuday, mfugaji wa Balangdalalu. Yeye ndiye aliyeuza ng'ombe sita akamkopesha Basili fedha za kununulia mashine. Siku ya kulipa ilipofika, Basili alimwandikia hundi, lakini benki ikaikataa.

"Shikamoo, babu," Helena alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba yupo?"

Basili alikuwa amejificha ghalani, nyuma ya magunia ya mahindi. Alikwisha kumwagiza Helena la kusema.

"Amekwenda Arusha," Helena alijibu, macho chini.

Mzee aliomba maji, akanywa taratibu. "Binti yangu amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada," alisema. "Haya, mama. Mtoto hamdanganyi mgeni. Nitarudi."

Jioni hiyo ugali ulimshinda Helena.

Juma lililofuata mzee alirudi na askari polisi.

"Baba yako yupo?" askari aliuliza.

Helena alimtazama mzee. "Yupo ghalani. Hata siku ile alikuwepo. Nisamehe, babu."

Basili alisikia, akatoka mwenyewe. "Afande, hili ni deni tu. Mtu hafungwi kwa deni."

"Kudaiwa peke yake si jinai," askari alisema. "Lakini ulipoandika hundi ile, akaunti yako ilikuwa na fedha?"

Basili alijibu, "Haikuwa na kitu. Nilijua."

"Basi huo ni udanganyifu. Twende kituoni."

Basili alikaa mahabusu siku tatu. Shuleni wenzake Helena walinong'onezana kila alipopita. Mama yake, Bernadina, aliuza mashine, akamlipa mzee fedha zake zote. Walipofika mahakamani, mzee aliomba wapatane. Hakimu alikubali, lakini alimwonya Basili vikali mbele ya watu.

Basili aliporudi nyumbani, Helena alijifungia jikoni. Baba yake alibisha hodi, akaingia, akachuchumaa mbele yake.

"Baba, mimi ndiye niliyekufunga," Helena alisema huku akilia.

"Hapana, mwanangu. Nilijifunga mwenyewe, kwa kalamu yangu. Kukopa si aibu. Ukishindwa kulipa, mwendee anayekudai, umweleze ukweli uso kwa uso. Mimi niliandika uongo kwenye karatasi, nikatia na sahihi." Alimfuta machozi kwa kiganja. "Tena nilikosa zaidi nilipokutuma wewe, mtoto, uuseme uongo wangu. Sitakutuma tena."