Boga Lenye Ugwe

Chwa! Njiti ya kibiriti iliwaka katika jiko la Bibi Paskazia kabla jogoo hajawika. Siku zote aliyewasha moto huo alikuwa Bibi mwenyewe. Leo alikuwa Hana, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, aliyetoka Kizota, Dodoma mjini, kuja Mlali kwa likizo. Alitaka Bibi aamke akute chapati za maji za boga, kama mama alivyomfundisha.

Alipapasa gizani karibu na mlango, akashika boga kubwa, akalipasua. Akatoa utumbo wake pamoja na mbegu, akakata vipande na kuvichemsha. Vilipoiva, akaviponda kwa mwiko mpaka vikawa kama uji mzito. Akatia unga wa ngano, mayai, sukari, chumvi kidogo na maziwa, akakoroga. Kisha akapaka kikaango mafuta ya alizeti. Chapati ya kwanza ilishika na kukatika. Zilizofuata zilitoka laini, za rangi ya manjano, zikanukia jiko zima.

Kulipopambazuka ndipo alipouona ugwe wa katani sakafuni.

Moyo ulimlipuka. Jioni ile aliyofika, Bibi alikuwa amemwonyesha: "Maboga ya kwenye kapu ni ya kula. Hili nililolifunga ugwe ni la mbegu. Mbegu hii alinipa marehemu mama yangu, na kila mwaka nabakiza boga moja. Usiliguse, mjukuu wangu."

Mlango wa Bibi ukalia. Hana akazoa maganda, utumbo na ugwe, akakimbia kuvifukia kwenye rundo la majivu nyuma ya jiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wee! Jiko linanukia kama la harusi!" Bibi alikula chapati moja, akala na ya pili. Halafu akatazama karibu na mlango. "Hana, boga langu la mbegu liko wapi?"

"Mbuzi, Bibi. Yule wa Bi Salha. Aliingia nilipotoka kuchota maji. Amelila lote."

"Diwani huyo!" Bibi akashika kiuno. Beberu wa jirani yao aliitwa Diwani kwa sababu alipita nyumba hadi nyumba kama anayeomba kura. Kisha akamshika Hana mkono. "Wewe hakukuumiza? Pembe zake ni kali."

Hana alitikisa kichwa.

Mchana, baada ya kupata habari, Bi Salha alikuja mwenyewe, ameinamisha kichwa, mkononi ana bakuli la maziwa.

"Bi Paskazia, naona haya hata kukutazama. Mbuzi wangu amekumalizia mbegu."

"Ni mnyama tu, Salha. Kaa basi."

"Hapana, nimechoka kuomba watu radhi. Nimemfunga juani, na kesho nampeleka mnadani." Akamgeukia Hana. "Pole, mwanangu, kwa kutishwa. Maziwa haya ni yako. Nimeshayachemsha."

Hana alipokea bakuli kwa mikono miwili. Ng'ambo ya ua Diwani alilia, akalia tena. Hana akaliweka bakuli chini.

"Bi Salha, usimuuze," alisema akitazama chini. Machozi yalimdondoka. "Hakuingia humu. Nililipasua mimi gizani, sikuuona ugwe. Nikaogopa, nikamsingizia."

Hana alitamani ardhi imfiche.

"Kumbe Diwani wangu kaonewa!" Bi Salha akasema.

"Kwa mara ya kwanza maishani mwake," Bibi akajibu. Kisha akauliza taratibu, "Utumbo wa boga umeutupa wapi?"

Hana akawapeleka nyuma ya jiko. Bibi alipiga magoti, akaingiza mkono katika majivu yaliyopoa siku nyingi, akaibuka na mbegu zilizojaa vumbi la kijivu. Akafikicha moja, akaguna kwa furaha.

"Mbegu huwa tunazipaka majivu haya haya, wadudu wasizile. Kuku nao hawakuziona!"

Hana hakuweza kucheka. Waliziokota wote watatu, wakazianika kwenye ungo.

"Kulipasua boga ulikosea," Bibi alisema. "Ungeniambia, ningekusamehe kabla sijamaliza chapati ya kwanza. Lakini uongo wako haukukaa jikoni. Ulivuka ua, ukamfunga mbuzi juani, ukamwinamisha Salha kichwa bila kosa. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, aibu yako asije akaibeba mtu mwingine. Haya, chukua maji umpelekee Diwani."

Hana alimpelekea maji, akamfungua kamba kwa mkono wake.

Asubuhi ya kurudi Kizota, alipika tena chapati kwa boga la kwenye kapu, safari hii kukiwa kumepambazuka. Akapeleka sahani kwa Bi Salha. Alisimama mlangoni, hajui kama aingie.

Bi Salha alionja, akafumba macho. "Desemba Bibi yako atazipanda zile mbegu. Nani atamsaidia?" Akamvuta karibu, akamwekea mtandio vizuri begani. "Usione haya kurudi kwetu. Uje tena, mwanangu, na kwangu upite."